Kaskazi imeanza Malindi: nianze na kazi gani bustanini?

BiBustani

Salaam aleikum wapenzi wa bustani. Huku Malindi mvua za vuli zimekata, upepo umeshageuka kaskazi, na udongo uliomwagiwa asubuhi ukifika adhuhuri ni mkavu. Nataka kupanga kazi za kuanzia sasa Desemba hadi masika, nisije nikapoteza maji na miche bure.

Eneo ni nyuma ya nyumba, mita 8 kwa 12. Juu ni mchanga, na tumbawe laanza kama sentimita 40 chini. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo ila yananyweka, na kuna tangi la lita 1,000 linalokinga maji ya bati. Kilichomo sasa: vitanda viwili vya sukuma wiki iliyoanza kuchoka, kitanda kimoja kitupu kilichong'olewa bamia, mizizi yake ilikuwa na vinundu vinundu, miche 40 ya nyanya kitaluni, tayari kuatikwa, mwembe mmoja wa ngowe wenye matunda, mndimu ambao majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mipapai mitatu, na asmini mbili za vyungu mlangoni.

Nilikusudia kuziatika nyanya kwenye kile kitanda cha bamia wiki hii. Naomba ushauri kabla sijaanza.

Jembe_la_Ganda

Aleikum salaam, dada. Nyanya zisubiri kwanza, wenzangu watakuja kulisema hilo. Kazi ya kwanza ya kaskazi ni maji na matandazo ya kufunika udongo, mengine yote yategemea hapo.

Anza na hesabu. Kitanda kilichojaa mimea, jua la Januari na upepo ukivuma, hupoteza kama milimita 5 hadi 6 za maji kwa siku. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Kitanda cha mita 1.2 kwa 4 kina mita 4.8 za mraba, kwa hiyo chataka karibu lita 29 kwa siku, yaani debe moja na nusu. Piga hesabu ya vitanda vyako vyote kabla hujaamua kupanda vingapi. Watu wengi wapanda kwa ukubwa wa ardhi, ilhali kaskazi hupandwa kwa ukubwa wa kisima. Vitanda vitatu vinavyoshiba maji vitakupa mboga kuliko sita vyenye kiu.

Mchanga haushiki maji mengi, kwa hiyo usifuate ushauri wa watu wa udongo wa mfinyanzi kule bonde la Sabaki, wanaofurikisha shamba mara moja wakakaa siku nne au tano. Kwako wewe, maji ya siku nne yakimwagwa kwa pamoja hupita chini ya mizizi na kuondoka na mbolea. Mwagilia kila siku, au uruke siku moja moja kwa mimea mikubwa yenye matandazo. Wakati ni saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu asubuhi. Jioni baada ya saa kumi na moja pia ni sawa, mradi majani yasilale yamelowa.

Vitanda vyako kama vimeinuliwa, vishushe. Tuta la kuinuka ni la masika, lasaidia maji ya ziada kutoka. Wakati huu tunataka kinyume chake: kitanda kiwe chini ya njia kwa sentimita 10 hadi 15, kingo zishindiliwe, ili kila tone libaki ndani na upepo usipitie mashinani. Ukichimbua changanya debe moja la samadi ya mbuzi iliyooza kwa kila mita 2 za mraba, ndani ya sentimita 15 za juu. Samadi mbichi haifai. Juani huunguza mizizi na kuleta mchwa.

Kisha matandazo. Mwagilia kwanza mpaka chini ndipo ufunike, maana ukifunika udongo mkavu, maji kidogo utakayomwaga baadaye yataishia kwenye nyasi. Unene uwe sentimita 5 hadi 8, uache duara la sentimita 5 kuzunguka shina la mboga na sentimita 15 kuzunguka mti. Nyasi kavu ambazo hazijatoa mbegu ni nzuri. Makumbi ni mazuri sana chini ya miti: yapange upande wenye shimo chini na mgongo juu, yashikane, lakini yaloweke kwanza siku mbili tatu na yale maji mekundu yamwagwe, hasa kama yalikaa karibu na pwani. Vumbi la mbao jipya liepuke. Likioza huvuta naitrojeni na mboga zinageuka manjano.

Jambo la mwisho la maji: tangi lako. Bati la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 20 hukinga lita 1,000, ukitoa hasara ni kama 800. Manyunyu ya mwisho ya vuli huja ghafla Desemba, kwa hiyo safisha mifereji sasa, usingoje wingu. Na maji hayo usimwagie sukuma wiki. Yaweke kwa miche, asmini na dawa za kupuliza.

Miche_na_Mbegu

Kuhusu nyanya, kitanda ulichochagua ndicho kibaya kuliko vyote ulivyo navyo. Vile vinundu kwenye mizizi ya bamia ni kazi ya minyoo fundo, vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopenda mchanga wenye joto. Bamia, nyanya, biringanya, kunde na hata mipapai yote ni chakula chao. Ukiatika nyanya pale, wiki mbili tatu za kwanza zitapendeza. Kisha mchana zinalegea hata udongo ukiwa na maji, jioni zinainuka, na hatimaye zinadumaa. Watu hudhani ni kiu, wakazidisha maji.

Tatizo la pili ni joto lenyewe. Nyanya za kawaida hufunga tunda vizuri usiku ukiwa na ubaridi. Joto la usiku likizidi nyuzi 21 hadi 24, au la mchana likipita 32, chavua hufa na ua hudondoka penye kiungo cha kikonyo. Malindi wakati wa kaskazi usiku haushuki sana chini ya 24. Kwa hiyo utakuwa na mti mrefu, wa kijani, wenye maua mengi na matunda matatu. Mbolea haibadilishi hilo, na mbolea ya naitrojeni hulizidisha.

Msimu wa nyanya pwani ni kusi. Sia mbegu katikati ya Mei, atika mwishoni mwa Juni mvua kubwa ikishapungua, uvune Septemba. Kwa hii miche 40, chagua kumi iliyo minene, mifupi, yenye kijani kilichokolea. Iatike upande wa mashariki wa ukuta au wa mti, ipate jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nane. Zika theluthi mbili za shina, kwani sehemu inayofukiwa hutoa mizizi. Atika jioni, na mchana wa siku tano za kwanza ufunike kwa kuti lililoegeshwa. Kama ni zile nyanya ndogo za duara zinazozaa vishada, zina nafuu zaidi, hufunga tunda kwenye joto ambalo nyanya kubwa hazifungi. Miche iliyobaki gawia walio bara kwenye baridi.

Panda vinavyopenda jua. Bamia ndiyo mfalme wa msimu huu, ila kwenye kitanda kingine kabisa. Loweka mbegu tangu jioni hadi asubuhi, zile zinazoelea zitupe. Nafasi ni sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo, kina sentimita 2, kisha ubakishe mche mmoja. Kitanda cha mita 4 chenye mistari miwili hubeba mashimo 26. Baada ya siku 50 hadi 60 unaanza kuchuma, na hapo uchume kila baada ya siku mbili, bamia ikiwa na urefu wa kidole. Ukiacha moja ikomae na kuwa ngumu, mti waelekeza nguvu kwenye mbegu na maua mapya yapungua.

Mchicha: kijiko kimoja cha chai cha mbegu chatosha mita 5 za mraba. Changanya na kikombe cha mchanga mkavu upate kuusambaza sawa, funika nusu sentimita tu, na lalisha kuti juu mpaka zichipue, siku ya tatu hadi ya tano. Siku hiyo hiyo kuti liondoke jioni. Likikaa siku moja zaidi miche hurefuka kama uzi na kuanguka. Sisimizi hubeba mbegu za mchicha, kwa hiyo usitie mbegu kitanda kizima kabla hujaona njia zao. Ng'oa baada ya wiki tatu hadi nne, au kata kwa urefu wa sentimita 15 kutoka chini uchipue tena.

Kunde za majani nazo zaenda vizuri: sentimita 30 kwa 20, uchume kuanzia wiki ya nne na usiguse ncha inayokua. Pilipili na biringanya zilizokwisha shika mizizi zitavumilia. Karoti, kabichi, kitunguu cha kusia sasa na maharage ya bara, acha. Maharage hasa hayapatani na chumvi hata kidogo.

Kivuli_cha_Mwembe

Mwembe, upesi, maana matunda hayangoji. Yakianza kunenepa ndipo inzi wa matunda anaingia. Huyu anayetusumbua zaidi alitoka Asia na alionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani, funza hula nyama, tunda huanguka, funza hutoka na kuingia ardhini sentimita chache kugeuka inzi. Kwa joto hili mzunguko mzima ni kama wiki tatu. Kwa hiyo embe moja lililooza chini ya mti leo ni inzi kadhaa wa mwezi ujao.

Okota yaliyoanguka kila siku, au angalau mara mbili kwa wiki, hata yanayoonekana mazima. Usiyatupe kwenye mboji wala kando ya ua. Njia moja ni kuyafukia shimo la sentimita 60 na kushindilia udongo. Kwako wewe tumbawe lazuia, basi tumia njia ya pili: yatie ndani ya gunia la mbolea lile lenye nailoni ndani, ufunge mdomo kwa kamba, uliache juani wiki moja hadi mbili. Mifuko ya nailoni ya dukani haipatikani tangu marufuku ya 2017, lakini gunia hilo lafanya kazi bora zaidi. Funza hufa kwa joto na inzi hawana pa kutokea.

Mtego wa chupa wenye kivutio cha madume wapatikana duka la pembejeo. Utundike penye kivuli, mita 1.5 hadi 2 kutoka chini, na waya wa kuutundikia uupake grisi ili sisimizi wasiingie kula inzi waliokufa. Elewa kwamba mtego huo wakamata madume tu. Hauzuii majike waliokwisha pandwa, ndiyo maana mtu anaweza kujaza chupa na maembe yakaendelea kuoza. Majike hufuatwa kwa chambo cha protini: hupulizwa sehemu ndogo tu ya majani, kama mita 1 ya mraba kwa mti, kila wiki, tangu tunda likiwa bado dogo hadi mwisho wa kuvuna. Usipulize kwenye matunda.

Na ukiona wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, waitwao maji moto, waache! Wanauma, kweli, lakini mwembe wenye maji moto huwa na inzi wachache, na kwenye minazi huwazuia kunguni wanaofanya vidaka kudondoka. Uvunaji ufanye asubuhi na mapema wakiwa bado wazito, na upake miguu majivu.

Vuna embe na kikonyo cha sentimita 2 hadi 3, ulisimamishe kichwa chini juu ya nyasi utomvu umalizike. Ukishamaliza, kama Februari, kata matawi yaliyokufa na yale yanayosuguana katikati ili mwanga uingie. Kupogoa sana sasa hivi matunda yakiwa juu ni hasara.

Pwani_Kijani

Huo mndimu umpe majivu ya jikoni, kopo mbili kuzunguka shina, na samadi. Majani yatarudi kijani.

Mwana_wa_Shela

Ndugu yangu, kwa heshima, majivu yasiende kwenye huo mndimu. Kwenye udongo mwekundu wa bara wenye uchachu, majivu ni dawa. Hapa chini kuna tumbawe, na tumbawe ni chokaa. Udongo umeshazidi chokaa, na majivu huongeza hali ile ile. Madini ya chuma yamo ardhini, ila kwenye chokaa nyingi yanajifunga na mizizi haiwezi kuyanywa. Majani machanga kuwa manjano na mishipa kubaki kijani ni dalili ya hilo. Manjano ingeanzia majani ya chini, ya zamani, ningesema ni naitrojeni, na hapo samadi ingetosha.

Dada, fanya hivi. Nunua madini ya chuma ya aina ya EDDHA. Uulize kwa herufi hizo, maana aina ya EDTA ni rahisi zaidi lakini kwenye chokaa haidumu. Ni unga wa wekundu uliokolea. Koroga kwa kipimo cha pakiti, umwage mashinani jioni kwenye udongo uliolowa, ufukie juu, kwa sababu jua huuharibu. Ukikosa, tumia ferasi salfeti kwa kupuliza majani: gramu 3 kwa lita 1 ya maji ya mvua, na tone la sabuni, saa kumi na moja jioni, urudie baada ya wiki mbili. Usipulize mchana, majani yataungua. Ferasi salfeti ukiimwaga ardhini penye tumbawe hujifunga muda si mrefu, ni fedha za bure. Usitazamie jani lililokwisha kuwa manjano kabisa kupona. Tazama majani mapya yanayochipua, yakitoka kijani umefaulu. Na chini ya mti weka mboji na makumbi, miaka ikienda hali yenyewe hulainika.

Sasa asmini. Huku Lamu uani mwa nyumba tunazo nyingi za vyungu, na kaskazi ndiyo mtihani wake. Asmini hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Kwa hiyo punguza sasa theluthi moja ya kila tawi kwa mkasi mkali, ukate juu kidogo ya jozi ya majani, uondoe vijiti vikavu vya ndani. Kwaruza sentimita 3 za udongo wa juu, utoe, uweke mboji mpya. Maua mengi yatakuja kama wiki sita hadi nane baadaye. Chungu cha udongo kikipigwa na jua la alasiri hupika mizizi. Kitie ndani ya chungu kikubwa zaidi, ujaze mchanga katikati, uuloweshe mchanga nao. Maji asubuhi na jioni, mpaka yatoke tunduni chini. Yasipotoka, chumvi ya kisima hujikusanya ndani, utaiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, na ncha za majani zinakuwa kahawia. Ikifika hapo, peleka chungu mahali penye mfereji, umwage maji ya mvua mara tatu ya ujazo wa chungu, polepole. Vikonyo (maua yasiyofunguka bado) vya kuchuma kwa ajili ya kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia, vichumwe alasiri vikiwa bado vimefumba, vyeupe, vimejaa. Vitafunguka vyenyewe usiku.

Mrehani uupande karibu, ila ukate vichwa vya maua kila wiki, la sivyo wazeeka upesi.

BiBustani

Shukran sana nyote. Nyanya nimeziahirisha, na majivu hayataenda mndimuni. Maswali mawili yamebaki. Kile kitanda chenye minyoo nikifanyeje mpaka masika, kikae tupu tu? Na chumvi ya kisima, nafahamu Februari huzidi. Kuna la kufanya?

Miche_na_Mbegu

Kitanda kisikae tupu. Kaskazi ndio msimu pekee ambao jua la pwani laweza kukuulia minyoo bila dawa, na ingekuwa hasara kuuacha upite. Twakianika kitanda chini ya nailoni.

Ng'oa mizizi yote ya bamia, hata nyuzi nyembamba, uichome. Usiitie mbojini. Lima sentimita 20, vunja mabonge, sawazisha uso uwe laini, kwa sababu kila kijiti kitainua nailoni na kutengeneza hewa, na penye hewa joto hupungua. Mwagilia mpaka udongo ulowe sentimita 30. Udongo mkavu haupitishi joto vizuri, na minyoo iliyojikausha huvumilia joto kuliko iliyolowa. Siku hiyo hiyo tandika nailoni angavu, ile inayopitisha mwanga. Nyeusi haifai kwa kazi hii, yenyewe hupata moto juu lakini udongo chini haupati wa kutosha. Nyembamba ni bora kuliko nene, mradi isichanike. Chimba mfereji wa sentimita 15 pande zote nne, ingiza kingo, zifukie na kushindilia mpaka nailoni ikaze kama ngoma. Iache wiki sita, kuanzia mwanzo wa Januari. Ukiona matone ya maji upande wa ndani asubuhi, inafanya kazi. Yakiisha, kuna tundu. Lizibe kwa utepe.

Ukifunua, usilime tena chini zaidi ya sentimita 10. Joto hufika sentimita 15 hadi 20 hivi, chini ya hapo minyoo ipo hai, na ukipindua udongo utaipandisha mwenyewe. Kinachofuata pale kisiwe nyanya wala bamia. Weka mahindi ya kuchoma wakati wa masika, au marejea, mmea wa jamii moja na mboga ya mitoo, ambao minyoo huingia mizizini mwake na kushindwa kuzaana. Nyanya zirudi kusi ya mwaka ujao. Jembe ulilotumia kwenye kitanda hicho lioshe kabla ya kwenda kingine, na maji ya kitanda hicho yasitiririkie jirani.

Jembe_la_Ganda

Chumvi. Kisima cha pwani huwa na maji matamu yaliyoelea juu ya maji ya bahari. Ukivuta kwa nguvu, matamu hupungua na ya chini hupanda. Kwa hiyo vuta kidogo kidogo: nusu ya maji asubuhi na mapema, nusu jioni, ukipe kisima nafasi ya kujirudishia. Kama ni pampu, mdomo wake usikae chini kabisa. Uinue ukae karibu na uso wa maji, uushushe tu yanapopungua. Jaza pipa jioni uyatumie asubuhi.

Bustanini, mwaga mashinani, usinyunyizie majani, kwa sababu tone likikaukia juu ya jani huacha chumvi yake pale pale. Mara moja kwa wiki zidisha kipimo kwa robo ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Hapo mchanga ni rafiki, wapitisha. Mbolea yenye potasiamu kloraidi usiinunue msimu huu, chukua ya salfeti. Mwani ukiutaka kwa mboji, uoshe mara tatu kwanza. Spinachi ya majani mapana, mnazi na mkomamanga vitavumilia Februari. Mndimu na maharage ndivyo vya kwanza kulalamika, kwa hiyo mndimu uupe debe moja la maji ya tangi kila wiki mbili.

Nuru_ya_Mambrui

Hamjagusa wadudu wa majani, na Januari ndio wakati wao. Pindua jani la sukuma wiki na la biringanya kila wiki. Ukiona vidoa vidogo vya rangi iliyofifia juu, na chini utando mwembamba wenye chembe nyekundu zinazotembea, huo ni utitiri. Wapenda vumbi na ukavu. Osha upande wa chini wa majani kwa maji ya mvua alfajiri siku tatu mfululizo, kisha sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita 1, jioni. Sabuni ya unga ya kufulia haifai, huunguza. Usikimbilie sumu kali za dukani, kwa sababu huua wadudu wanaokula utitiri na wiki mbili baadaye unarudi maradufu.

Mwarobaini nao: gramu 50 za kiini cha mbegu kilichotwangwa kwa lita 1 ya maji, ulale usiku kucha, uchuje kwa kitambaa, utie sabuni kidogo, upulize siku hiyo hiyo jioni. Jua huivunja nguvu, hivyo dawa ya asubuhi ikifika saa saba imeshapungua. Wasaidia kwa inzi weupe na vidukari pia.

Mipapai, tazama chini ya majani na shingoni mwa matunda. Ukiona kama pamba nyeupe inayonata, ni vidung'ata. Sukuma kwa mpira wa maji yenye nguvu, kata majani yaliyojaa uyachome, kisha sabuni kila baada ya siku saba mara tatu. Usiburute majani hayo kupita bustani nzima, utawapanda njiani. Sisimizi wa kawaida huwalinda na kuwahamisha, kwa hiyo paka grisi juu ya kitambaa kilichofungwa shinani. Grisi isiguse gome lenyewe.

Sukuma wiki ondoa majani ya chini yote, bakisha matano au sita ya kileleni, na uiezekee makuti yaliyoachana, urefu wa mita 2, nusu ya jua ipite. Yaondolewe mvua ikianza, la sivyo ukungu utaingia.

Kivuli_cha_Mwembe

Nyongeza moja, kwa wenye nia ya kupanda miti. Kupanda mche wa mti sasa ni kuutesa, ila mashimo yachimbwe sasa, Januari na Februari, wakati vitanda vingi vimepumzika. Sentimita 60 kila upande. Kwa dada, tumbawe litamsimamisha kwenye 40, hapo ni mtaimbo. Udongo wa juu uweke upande mmoja na wa chini upande mwingine, na lile vumbi jeupe la tumbawe lisirudi shimoni hata kidogo. Rudisha udongo wa juu uliochanganywa na madebe mawili ya samadi iliyooza, ufike sentimita 10 juu ya usawa wa ardhi kwa sababu utashuka. Weka kijiti katikati pa kukumbukia.

Samadi ya akiba ya mashimo hayo igeuzeni kila wiki tatu. Rundo lililotulia ndimo dudu lenye pembe linalotoboa kilele cha mnazi hutaga. Mkiona funza wakubwa weupe waliojikunja, wenye kichwa cha kahawia, watoeni wote mpe kuku. Aprili mvua ikishalowesha shimo mpaka sentimita 30, pima kwa kuchomeka kijiti, ndipo mche ushuke.